Siasa Ibaki Nje na Viatu

Kinyozi aliingia kwenye kibanda cha fundi viatu bila hodi, kama kawaida yake, akavuta kigoda na kukaa karibu na mlango ili mteja wake akitokea amwone. Vibanda vyao vilitenganishwa na ukuta mmoja wa mabati, na kwa miaka mingi walikuwa wakipiga soga kupitia ukuta huo bila hata kuonana nyuso. Lakini asubuhi hiyo alikuwa na jambo la kusema ana kwa ana.

"Katibu," alisema, "Jumapili nani anakupeleka kupiga kura?"

Fundi viatu hakuwa katibu tena. Alikuwa katibu wa tawi la Chama zamani, enzi macho yake yakiwa macho, na jina likamganda. Sasa alikuwa mzee aliyekaa kwenye kiti cha mbao, kiatu kiko magotini, vidole vinapapasa ukingo wa soli. Presha ya macho ilikuwa imemla taratibu, ikaanza pembeni, ikaingia katikati, mpaka watu wakabaki kwake kama vivuli vinavyopita nyuma ya pazia. Kazi ya kushona ilikuwa imehamia kwa binti yake, aliyekaa upande wa pili wa meza. Yeye alibaki na zile kazi ambazo vidole viliweza kuzifanya vyenyewe: kubandua soli iliyokufa, kupaka gundi, kugonga misumari ya visigino, kupiga kiwi.

"Binti yangu atanipeleka," alijibu.

Kinyozi alikohoa. Binti alikuwa hapo hapo, anavuta uzi wa nta kwa meno, wala hakuinua kichwa.

"Kukupeleka si neno. Neno ni kwamba yeye ndiye atakayeshika kalamu. Asiyeona anaingia na mtu wake, na huyo mtu ndiye anayemwekea alama. Sasa hebu fikiri mwenyewe, Katibu. Wewe mzee wa Chama, mtu wa tangu enzi hizo, kura yako ishikwe na mkono wa wale?" Akamgeukia binti. "Samahani, mwanangu, sikusemi vibaya."

"Hujanisema vibaya, mjomba."

"Mimi ningekuwa wewe, Katibu, usingizi usingenijia."

"Ungekuwa mimi," alisema fundi viatu, "ungekuwa na nywele kichwani."

Binti alicheka puani. Kinyozi alipapasa upara wake, ambao mtaa mzima uliufanyia mzaha, naye akacheka kidogo ili asionekane amenuna.

"Haya, chekeni. Mimi nimejitolea. Asubuhi nakuja kukuchukua, nakuwekea pale pale pa siku zote, tunarudi tunakunywa chai. Mambo ya uhakika."

"Mjomba amesema kweli, baba," binti alisema taratibu. "Nenda naye. Mimi sitaudhika."

Fundi viatu alivuta kofia yake chini. Hakuwa na wasiwasi kwamba binti yake angemdanganya. Alichoogopa ni kwamba hangemdanganya. Angeingia naye, angeshika kalamu, na kwa uaminifu wake wote angeiweka alama ya Chama, kwa kuwa ndivyo alivyomjua baba yake. Na yeye Chama hakukitaka tena. Hakuna mtu duniani aliyelijua hilo. Hakuwahi kulitamka kwa sauti, hata akiwa peke yake.

"Nakwenda na binti yangu," alisema. "Huyu akishona, mstari hauendi upande."

Kinyozi akainuka, akarudisha kigoda mahali pake. "Shauri yako," alisema. "Sijasema kitu."

*

Zamani, katika nyumba ya fundi viatu, kulikuwa na maneno mawili tu ya siasa: sisi na wale. Sisi ni Chama. Wale ni wengine wote. Binti alikua akipanda mabegani mwa baba yake kwenye mikutano, akipunga kitambaa, na herufi zake za kwanza alizisoma kwenye gazeti la Chama lililotandikwa mezani ili gundi isidondokee mbao. Watu wakimuuliza mtoto wa nani, alijibu, "Wa Chama," nao wakavunjika mbavu.

Halafu akawa msichana mkubwa, akaanza kurudi nyumbani na maswali. Baba yake alijibu la kwanza na la pili. La tatu likamkera. Siku moja mezani binti alisema "sisi" na ikajulikana wazi kuwa hakusema Chama. Fundi viatu aliweka kijiko chini, akasema kuwa chini ya paa hilo hakukai mpinzani. Alisema tu, kama watu wanavyosema wakiwa na hasira. Lakini binti yake hakuwa mtu wa kusema tu. Mama yake alimfungia nguo kwenye begi huku analia, na binti akaondoka akiwa amevaa viatu vya kahawia ambavyo baba yake alimshonea mwenyewe, ngozi hadi kamba.

Alikaa mbali miaka mingi. Alikuja mama yake alipofariki, akakaa na wanawake, akaondoka. Baada ya hapo, aliposikia kuwa baba yake ameanza kugonga misumari kwenye vidole badala ya visigino, akarudi kabisa. Alisimama mlangoni na begi lake, akavua viatu kabla ya kuingia kama alivyolelewa, kisha akasema, "Nimekuja kwako wewe, baba. Siasa ibaki nje na viatu."

Fundi viatu alikubali haraka sana. Wakati ule angekubali lolote.

Na kweli ilibaki nje. Redio ikianza habari za uchaguzi, mmoja wao aliizima. Waliongea habari za ngozi, za wateja wabishi, za mama. Walikuwa na amani ya watu wawili waliobeba beseni la maji lililojaa pomoni. Na katika amani hiyo, fundi viatu alibadilika akiwa amekaa kwenye kiti chake, hakuna aliyemwona, na alipotaka kusema, mlango wa kusemea ulikuwa umefungwa, na yeye mwenyewe alikuwa ameshiriki kuufunga.

Jumamosi jioni alijaribu. Binti alikuwa amemaliza kuosha vyombo, yuko jikoni anajifuta mikono. Fundi viatu alikaa kitandani kwake, mlango uko wazi, akapiga moyo konde.

"Mama," aliita. Ndivyo alivyomwita binti yake tangu mwenye jina hilo alipoondoka. "Kuhusu kesho."

"Nimeshalipiga pasi shati lako."

"Siyo shati. Ile kura."

Alisikia kitambaa kikitundikwa kwenye msumari. Halafu hatua zake, halafu kitanda kikabonyea pembeni yake.

"Baba, tulikubaliana," alisema. Sauti yake haikuwa na ukali. "Lakini najua kinachokusumbua. Maneno ya kinyozi yamekuingia. Sasa nisikilize mara moja, tusirudie tena. Nitaweka pale pale unapopataka wewe. Mkono wangu hautatetemeka. Kura ni yako, mimi ni macho tu." Akamshika mkono. "Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Basi lala."

Alizima taa, ingawa kwa baba yake taa haikuwa na kazi. Fundi viatu alilala chali. Kama binti angemfokea, kama angemnong'oneza kwamba hamwamini, yeye angeweza kumjibu. Lakini mtu anayekupa kitu kizuri namna ile, unamwambiaje kuwa hukihitaji?

*

Kituo cha kupigia kura kilikuwa darasa. Fundi viatu alilijua kwa harufu ya chaki na kwa jinsi dawati lilivyomgonga paja. Msimamizi, mwalimu mwanamke mwenye sauti iliyochoka, alimwapisha binti kwamba ataweka alama kama atakavyoelekezwa na kwamba hatatoa siri ya kura hiyo. Binti alirudia kiapo neno kwa neno. Kisha wakaingia nyuma ya boksi la karatasi ngumu lililowekwa juu ya meza kama kizuizi, wakainama pamoja, bega kwa bega, kama wanavyoinama kibandani kukagua kiatu.

"Ya Chama ni ya juu kabisa," binti alinong'ona. "Nimeiona. Niweke?"

Fundi viatu alitikisa kichwa.

"Siyo hiyo."

"Siyo ipi?"

"Ya juu. Siyo hiyo. Shuka chini, uweke ya wale." Akameza. "Ya kwenu."

Fundi viatu alisikia pumzi ya binti ikisimama, halafu ikatoka yote kwa mkupuo.

"Baba, usinifanyie hivyo."

"Nikufanyie nini?"

"Unanihurumia. Kwa sababu nakupikia, kwa sababu nakushika mkono njiani. Kura siyo asante, baba. Sikurudi nyumbani ili unilipe."

"Sikulipi."

"Wiki nzima nimejiandaa kuweka ya Chama. Nimejiambia, ni ya baba, siyo yangu, ni ya baba. Sasa nimeshaweza, wewe unaniharibia."

Kama lingekuwa jambo la mtu mwingine, fundi viatu angecheka. Mtu amebeba siri mgongoni mpaka imemkata mabega, anaitua, na yule anayetuliwa anamwambia rudisha.

"Huko ndani vipi?" mwalimu aliita. "Watu wanasubiri."

"Tunatafuta kalamu, mwalimu," fundi viatu alijibu.

"Imefungwa kwa kamba hapo mbele yenu."

"Ahsante. Tumeiona. Yaani, yeye ameiona."

Kwenye foleni mtu alicheka. Fundi viatu aliinamisha kichwa zaidi, mpaka paji la uso likagusa kilemba cha binti yake.

"Vile viatu kule nyuma ya kibanda," alinong'ona. "Vilivyotundikwa. Vya mguu mmoja mmoja."

"Nimevijua. Nilikuuliza vya nani, ukasema vya watu."

"Ni vya siku ya maandamano. Yale yaliyotawanywa. Watu walikimbia, viatu vikabaki barabarani. Asubuhi mama anayefagia barabara akaniletea gunia, akaniambia, 'Katibu, nimeshindwa kuvitupa.' Nikavimwaga sakafuni. Vya shule vilikuwemo. Kandambili ya mama mnyonyeshaji ilikuwemo, ina poda ya mtoto juu. Vyote kimoja kimoja. Wakati ule bado naona, lakini sikuviangalia kwa macho. Nilivipapasa, kimoja baada ya kingine, natafuta mshono wangu."



"Ulikuwa unatafuta vile vya kahawia," alisema binti.

"Sikuvipata. Nikafurahi. Nilikaa pale chini katikati ya viatu vya watoto wa wenzangu, nimefurahi kwa sababu cha mwanangu hakimo. Furaha ile ndiyo iliyonitia aibu. Na jioni nikaenda mkutanoni, nikasimama nikasoma taarifa kwamba hapakuwa na watu, ni wahuni wachache. Nikasoma kwa sauti nzuri."

"Nilikuwepo, baba."

Fundi viatu alimgeuzia uso.

"Nilikuwepo siku ile. Nilikimbia na vyote viwili. Havikunitoka mguuni kwa sababu ulivishona vinabana. Siku zote unashona vinabana."

"Ngozi inatanuka," alisema fundi viatu, kwa mazoea tu, kama alivyowaambia wateja wote maishani mwake. Binti akamshika kiwiko.

"Ndipo ulipobadilika?" alimuuliza.

Hapo angeweza kusema ndiyo, na ingetosha. Lakini alikuwa amekuja kusema kweli, na nusu yake ilikuwa imeshatoka.

"Hapana. Baada ya hapo nilikipa Chama kura, na mara nyingine tena. Nilivitengeneza vile viatu, watu wakawa wanakuja kwa aibu kuvichukua, tunajifanya ni wateja wa kawaida. Vilivyotundikwa ni vile ambavyo wenyewe hawakuja. Na jioni naenda mkutanoni. Unajua soli inavyoanza kuachia mbele. Mtu haitupi. Anakunja kidole, anaendelea kuitembelea, anajua wapi asikanyage. Sijui ni lini ilitoka. Nilikuja kushtuka niko peku."

"Na mimi? Mimi sina mkono katika hilo?"

"Unao. Nikisema huna, nitakuwa muongo. Lakini sikubadilika ili nikufurahishe, mama. Ningetaka kukufurahisha ningekushonea viatu visivyobana."

Binti alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Alivuta makamasi. Kalamu iligonga meza, ikabingirika mpaka mwisho wa kamba yake.

"Mimi siweki," alisema. "Niliapa kuweka unachotaka, na sijui kama hiki ni unachotaka au unachonipa. Kama ni chako kweli, weka mwenyewe. Nitakuonyesha mahali."

Akachukua mkono wa kushoto wa baba yake, akaupeleka kwenye karatasi, akaweka ncha ya kidole gumba pembeni ya kisanduku. Kulia akampa kalamu. Fundi viatu akajua la kufanya. Hivyo ndivyo alivyomfundisha binti yake kushona, alipokuwa mdogo na miguu yake haifiki chini kwenye kigoda: ukucha wa kidole gumba unakaa mahali pa tundu, na msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, unauegemea ukucha huo, hauwezi kupotea. Akauegemeza ukucha. Akachora mstari mmoja, akausogeza ukucha kidogo, akachora wa pili juu yake.

"Imekaa?" aliuliza.

Binti aliinamia karatasi. "Imekaa katikati," alisema. "Mstari haujaenda upande."

*

Kinyozi alikuwa amesimama nje kwenye jua, upara unang'aa, kidole chake kimeshapakwa wino. Aliwakimbilia.

"Enhe, Katibu? Mambo?"

"Kura ni siri," alisema fundi viatu. "Binti amekula kiapo."

"Yeye amekula. Wewe hukula."

"Mimi sikuona kitu."

Kinyozi alicheka mpaka akamshika bega, na fundi viatu naye akacheka. Lakini chini ya kicheko alihisi uzito wa mkono ule, mkono ulionyoa kichwa chake bila kumkata tangu wote wawili wakiwa vijana, na akajua kwamba huyu naye siku moja atapaswa kuambiwa. Siyo leo. Leo alikuwa amechoka kama mtu aliyehama nyumba.

Walirudi polepole, mkono wa baba kwenye kiwiko cha binti. Wakalipita duka moja njiani. Kisha fundi viatu akasafisha koo.

"Lakini yule mgombea wenu simpendi."

Binti alisimama. "Baba."

"Nasema ukweli. Anaahidi kupita kiasi. Juzi kwenye redio ya jirani nimemsikia anaahidi barabara mpaka mahali ambapo hata punda hapiti. Huyo akishinda atahitaji kuangaliwa."

"Ulikuwa unasikiliza redio ya jirani?"

"Ukuta ni bati, mama. Nifanyeje, nizibe masikio?"

"Kwanza hiyo barabara iko kwenye mpango. Ungemsikiliza mpaka mwisho."

"Nilimsikiliza mpaka mwisho. Mwisho alipiga kelele tu."

"Na wa Chama je, miaka yote hiyo alikuwa anaimba?"

"Huyo nilimtetea mimi, najua uongo wake wote. Wa kwenu bado najifunza."

Wakaendelea hivyo. Tangu binti aliporudi nyumbani hawakuwahi kubishana hata mara moja, na sasa ilikuwa kama wamefunguliwa bomba. Walibishana juu ya barabara, wakabishana juu ya hospitali, wakabishana kama ni kweli mama yake alikuwa akimpigia kura mtu mwingine kimya kimya miaka yote ile, jambo ambalo binti alilisema kwa kucheka na fundi viatu akalipinga kwa nguvu, kisha akalipinga kwa nguvu kidogo, kisha akasema atalifikiria. Mwanamke aliyekuwa anaanika nguo aliwasalimia wakampita bila kuitika. Walipofika mlangoni bado walikuwa kwenye bei ya ngozi na nani wa kulaumiwa.

Binti alivua viatu kizingitini, akaingia, anaendelea kuongea akielekea jikoni. Fundi viatu alivua vyake akiwa ameegemea fremu ya mlango. Akasikiliza sauti ya binti yake ikimjibu kutoka ndani, juu ya maji yanayomiminwa kwenye sufuria. Kisha akainama, akapapasa sakafu mpaka akavipata viatu vyake, akapapasa tena akavipata vya binti, vile vya kahawia, vimeshonwa upya mara nyingi lakini mshono wa pembeni bado ni wake. Akavikung'uta vumbi, vyote vinne, akaviingiza ndani.